Fremu Nyeusi Kwenye Picha ya Njeri

Sasa nyinyi. Najua wengi wenu hamsomi kitu kirefu kuliko meseji, lakini mwalimu wenu pale Gitothua ameniomba niwaandikie kuhusu kazi, na mimi nikiombwa kwa heshima kukataa ni shida. Nimetengeneza tovuti hapa Thika miaka mingi, mpaka macho yakasema basi. Wateja waliniita Mama Shiru, na bado naitwa hivyo hata na watu ambao hawajawahi kumwona huyo Shiru. Sitawafundisha kuandika kodi za kompyuta, hizo mnanishinda. Nataka niwaambie vile niliwahi kumuua msichana wa watu kwa mistari minne ya CSS, yale maandishi ya kupamba ukurasa, siku moja kabla ya ruracio yake ya mahari, na vile watu wawili walinitendea wema ambao sikustahili.

Wa kwanza ni Fundi Wekesa. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja Thika kufanya kazi ya kutengeneza mashine kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza watu, yeye hakurudi nyumbani. Alinunua kompyuta kuukuu, akaifungua yote mezani kama cherehani, akairudisha, ikawaka. Baadaye akafungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari, na mimi, niliyekuwa nachapa mitihani ya shule na barua za kuomba kazi, akaniambia kuna kitu kinaitwa HTML na hakinishindi. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza tu kama nina subira, nikadanganya kwamba ninayo.

Enzi hizo, watoto wangu, ukurasa tuliupanga kwa majedwali. Unachora jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali, ukikosea mahali pamoja nyumba nzima inaanguka. Kulikuwa na mteja wa Ruiru, muuza milango ya chuma, aliyetaka kila neno liwakewake na jina lake likimbie kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi nilitaka kubishana naye. Fundi akasema tumpe. Akamketisha mbele ya skrini, akamwomba aiangalie dakika tano bila kugeuza macho. Hata tatu hazikuisha, yule mzee alianza kusugua paji la uso, akatuomba tulizime hilo jambo, na akaondoka akisema wazo la kulizima lilikuwa lake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuongea na wateja, kwa kumwangalia Fundi akinyamaza.

Sasa nirudi kwa Njeri, maana naona nimeanza kutembeatembea.

Tulikuwa na tovuti ya matangazo ya huku kwetu, Thika hadi Ruiru. Watu walileta picha na maneno, sisi tunaweka. Kulikuwa na sehemu ya nyumba za kupangisha, sehemu ya harusi na ruracio, sehemu ya watoto waliohitimu, na sehemu ya matanga. Msicheke, lakini hiyo ya matanga ndiyo ilisomwa kuliko zote. Huku watu wakiamka wanataka kujua kwanza nani ametuacha, halafu ndio wanaweka maji ya chai.

Alhamisi moja mchana, pasta mmoja alipanda ngazi zetu akihema, akalalamika kwamba picha za marehemu zinakaa vibaya. Alisema mama wa kanisa lake amewekwa pale rangi zinang'aa, anatabasamu, ukitazama haraka utadhani anapangisha bedsita. Aki ya Mungu, alikuwa na haki. Nikamwambia arudi kesho ataona mabadiliko.

Framework tuliyotumia, yaani mfumo wa kujengea tovuti, ilikuwa inakutengenezea faili ya mitindo kwa kila sehemu ya tovuti. Sehemu ya nyumba ina faili yake, ya ruracio yake, ya matanga yake. Nikafungua ile ya matanga, nikaandika kwamba kila kitu chenye klasi, yaani lebo, ya picha kipoteze rangi, kiwe cha kijivu, kizungushiwe fremu nyeusi nene, na pale kwenye kona ya chini kuwe na mshumaa mdogo unaowaka. Mistari minne. Nikafungua ukurasa wa matanga na kweli, ulikuwa umetulia, una heshima. Nikaupandisha hewani, nikafunga kompyuta, nikaenda nyumbani nikijisikia msomi.

Hamjaona kosa? Wengine wenu mmeliona, nawasikia mkiguna. Mimi niliamini kwamba faili ikiitwa matanga, basi inasomwa na ukurasa wa matanga peke yake. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona jina nikajiamulia. Kumbe ile framework, ukishapandisha kazi hewani, inakusanya faili zote, inazikoroga pamoja kuwa faili moja, na kila ukurasa unapewa hiyo moja. Na klasi ya picha ilikuwa kila mahali, kwa nyumba za kupangisha, kwa waliohitimu, na kwa ruracio.

Kwenye ruracio kulikuwa na Njeri wa Theta. Picha yake ilikuwa imewekwa mapema wiki hiyo na shangazi yake, Tata Wairimu, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mzuri. Ruracio ilikuwa Jumamosi, siku ya watu wa upande wa mume kuja na mahari. Maneno yote yalikuwa chini ya picha, yameandikwa vizuri. Lakini nani anasoma maneno? Mtu alifungua Ijumaa asubuhi, akaona Njeri wa kijivu, fremu nyeusi na mshumaa. Akaikata ile picha peke yake, akaituma kwa grupu ya kanisa. Grupu ya kanisa ikaituma kwa chama cha akina mama.

Saa nne hivi simu yangu ililia. Tata Wairimu hakunisalimia.

"Mama Shiru, mmemfanya nini mtoto wetu?"

Nilidhani tumekosea jina la Njeri. Nikaanza kumweleza mambo ya simu yake, kwamba pengine inashika kurasa za zamani, azime awashe. Ndio, hata sisi wa zamani tulikuwa tunalaumu simu ya mteja kwanza. Akanikatiza. Akaniambia wanawake wamejaa kwa boma ya cucu wake Njeri, nyanya yake, huko Theta, wamekuja na majani ya chai na sukari na mkate, wanalia. Na kwa sababu hema la ruracio lilikuwa limesimikwa na viti kupangwa asubuhi hiyo, kila anayefika geti akiona hema anaona ni kweli, anaanza kulia kabla ya kuingia. Njeri mwenyewe alitoka mapema na boda kwenda Ruiru kusukwa, na simu yake haishikiki. Kwa hivyo cucu anajua nini? Anajua mtoto alipanda boda asubuhi, na sasa watu wanalia. Ameketi chini, Tata akasema, na tangu aketi hajasema neno. Na Cucu ana presha. Jirani ambaye ni nesi amempima, akasema asipotulia haraka hawajui kitatokea.

Nilifungua ukurasa wa Njeri. Ngai, Mungu wangu. Sijawahi tena kuona kitu kilichopangwa vizuri kikanitisha namna ile. Nikaandika neno la siri mara tatu, mara tatu likakataliwa.

Fundi alikuwa meza ya pili. Alisikia yote kwa sababu Tata Wairimu husikika hata bila spika. Alikuja, akaniondoa kwa kiti polepole, akaifuta ile mistari yangu minne, akapandisha tena, akafungua ukurasa wa Njeri akahakikisha rangi imerudi. Dakika mbili hazikuisha. Mimi nikaanza kupumua, nikasema asante Mungu imeisha. Akaniangalia.

"Tovuti tumeirekebisha," akasema. "Cucu bado."

Akachukua funguo za pikapu. Akanieleza ngazini, tukishuka, kwamba ile picha iko kwa simu za watu na hatuna kodi ya kuitoa huko. Tukienda Theta mikono mitupu tutakuwa wageni wengine wawili wa kuongea maneno. Cucu hatataka maneno. Tumpelekee Njeri.

Mimi sikuwa nimefikiria hivyo hata kidogo. Ningeandika ujumbe wa samahani kwenye tovuti, kwa herufi nyekundu.

Tukakimbia hadi Ruiru. Tata alikuwa ametuambia saluni iko karibu na stesheni ya treni, lakini pale stesheni saluni ni kama mahindi shambani. Niliingia ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikiuliza Njeri wa ruracio. Kwa ya nne msichana mmoja akageuka, nusu ya kichwa imesukwa mistari mistari, nusu nyingine imesimama wima imechanuliwa. Simu yake ilikuwa inachaji duka la jirani, imezimwa. Akaniuliza kwa upole kama mimi ni wa upande wa mume.

Nikamwambia. Sikujua namna nzuri ya kumwambia mtu hai kwamba amekufa, kwa hivyo nilisema tu vile ilivyo, kwamba nimekosea picha yako, watu wamedhani umetuacha, na cucu wako ameketi chini haongei. Hakunipigia kelele. Alivua taulo shingoni, akamwambia msusi atarudi, akatoka na kichwa nusu. Kwenye pikapu aliketi katikati yetu, na njia nzima alisema jambo moja tu, kwamba Cucu ndiye aliyemlea.

Kilio kwa boma ile nilikisikia kabla ya kuona hema. Fundi alisimamisha pikapu mbali kidogo na geti akamwambia Njeri ashuke mbele, atembee polepole, asikimbie. Presha ya mzee haipendi ghafla, akasema. Mwanamke wa kwanza alipomwona aliangusha sukari. Wa pili akashika kichwa. Kelele ilikatika kipande kipande hadi kukawa kimya, na wale akina mama wakafungua njia.

Cucu alikuwa ameketi juu ya gunia kando ya ghala, miguu imenyooka, mikono mapajani. Njeri akapiga magoti mbele yake. Cucu hakulia wala hakumkumbatia. Aliinua mkono akagusa ule upande uliosukwa, halafu akagusa ule ambao haujasukwa, akarudi kwa uliosukwa. Akafanya hivyo mara nyingi. Halafu akasema maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Wewe, mbona umetoka kabla hawajamaliza?"

Hapo ndipo watu walilia kwelikweli, na mimi nikalia na wao, nikiwa nimejificha nyuma ya Fundi kwa sababu ni mrefu. Nesi akampima Cucu, akasema inashuka. Nilitaka turudi kwa pikapu. Fundi akanisukuma kidogo mgongoni, si kwa nguvu, akanisogeza mbele.

Nikapiga magoti pia. Nikasema, "Cucu, ni mimi niliyeweka ile fremu. Nilikosea kazi."

Nilingoja matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea yote. Badala yake aliniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akasema basi kuna majani mengi sana hapa, na sukari, na mkate, nisimame nipike. Na nikishapika nimpe kila aliyekuja kulia kikombe kwa mkono wangu, na kila ninayempa nimwambie kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Watu wamelia bure, akasema, wasirudi nyumbani na njaa pia.

Watoto wangu, nilihudumu. Birika mkono huu, sinia mkono huu, hema lote, kiti kwa kiti. Karibu chai, ni mimi niliyekosea picha. Karibu chai, ni mimi. Wa kwanza walininunia. Waliofuata wakaanza kucheka, na kufika safu ya mwisho kuna mama alinishika mkono akaniuliza kama naweza kumweka mume wake kwenye hiyo fremu, bado yuko hai lakini anamsumbua. Nilipomaliza, Cucu aliniita akaniambia Jumamosi nirudi, na akaniambia na jambo lingine, akinivuta sikio nisikie vizuri.

"Siku yangu ikifika, usiweke nyeusi. Mimi weka na rangi zote."

Kuna watu wangeenda kwa chifu. Kuna watu wangetangaza jina langu hadi nikose mteja hata wa kuchapiwa barua. Cucu alinipa birika. Kila nikikumbuka namshukuru Mungu kwa ajili yake, na nasema hivyo bila aibu.

Jumatatu Fundi alinifundisha. Kumbuka hakunifundisha Ijumaa, wala njiani, wala mbele ya watu. Alingoja nimelala siku mbili. Alinieleza kwamba kule kiwandani kila jora la kitambaa lilishonewa kibandiko kichwani kinachosema linaenda rangi gani, na mtu wa mapipa ya rangi alikisoma kabla ya kulizamisha. Kurasa zetu, akasema, hazina kibandiko kichwani. Akafungua ule mpangilio mmoja ambao kurasa zote hupitia, akaenda kwa tagi ya body, ile inayobeba ukurasa wote, na hapo akaiambia framework iandike yenyewe jina la sehemu na jina la ukurasa kama klasi. Sasa ukifungua matanga, body inasema matanga. Ukifungua ruracio, body inasema ruracio. Huandiki kwa mkono, framework inajua iko wapi. Halafu akaniomba niandike upya mistari yangu, lakini kila mmoja uanze na body.matanga ndio .picha ifuate, yaani picha iliyo ndani ya matanga tu. Nikaandika. Faili zikorogwe zitakavyokorogwa, fremu nyeusi haikutoka tena nje ya matanga.

Kisha kando ya yale majina mawili akaacha nafasi tupu ambapo ukurasa mmoja, ukitaka, unaweza kuongeza klasi yake mwenyewe. Nikamuuliza ya nini, kwani sehemu na jina havitoshi? Akasema siku moja ukurasa mmoja utakataa kufanana na ndugu zake, na sitaki ubomoe nyumba kwa ajili yake. Ikakaa pale miaka yote, na hata hatukuigusa.

Nyinyi sasa mna zana zinazofungia mtindo ndani ya kijisehemu chake, usivuje hata ukitaka. Nawapongeza, na kusema kweli nawaonea wivu kidogo. Lakini shikeni hili moja la kizamani. Ukibadilisha ukurasa mmoja, usiangalie huo tu. Fungua mitatu ambayo hukuigusa. Mimi sikuwahi tena kufunga kompyuta kabla ya kufungua mitatu, na Shiru akiwa mdogo alidhani ni namna ya kusali.

Fundi alirudi Bungoma, anafuga nyuki, ananipigia simu Jumapili kuniuliza kama mgongo wangu wa kuinamia kompyuta umepona. Nikijaribu kumshukuru anasema mtandao unakatika. Kwa hivyo namshukuru hapa ambapo hawezi kukata simu. Asante, Fundi, kwa kunipeleka Theta siku ambayo ningejificha nyuma ya herufi nyekundu.

Mwaka huu Njeri alinipigia. Anaishi Ruiru, ana watoto wawili, na kila akiniita huniita "mama aliyeniua". Siku hiyo hakuniita hivyo. Akasema Cucu amepumzika, usingizini, kitandani kwake. Nikamwambia pole. Halafu akasema atanitumia picha.

Ile tovuti sasa inaendeshwa na vijana wengine, wenzenu, na matanga yote bado yana fremu nyeusi. Niliwaomba wanipe ukurasa mmoja tu niufanye mwenyewe. Nilivaa miwani miwili. Nikaenda kwenye ile nafasi tupu ya Fundi, nikaikuta ipo, na kwa mara ya kwanza nikaandika kitu hapo. Rangi. Neno moja, kwa ukurasa wa Cucu peke yake. Chini nikaandika kwamba body yenye matanga na rangi kwa pamoja, picha yake isiguswe. Nikafungua. Cucu alikuwa ameketi ndani ya hema siku ya ruracio, sweta ya kijani, leso ya machungwa, mdomo wazi anacheka na mtu ambaye hayuko kwenye picha. Nikafungua kurasa tatu nyingine za matanga. Nyeusi, nyeusi, nyeusi, kila mtu na heshima yake.

Jioni Njeri akaniambia watu kadhaa wamempigia kuuliza kuna sherehe gani Theta. Nikamuuliza amewajibu nini. Akasema amewaambia waje tu, chai iko.

Siku ya mazishi nilifika mapema. Hema lilikuwa limesimikwa, wanawake wa kwanza walikuwa wanaingia getini na sukari zao. Nilipitia nyuma ya ghala hadi jikoni, nikatafuta birika.